Kwenda kwa daktari wa meno wakati wa janga: mwongozo kamili kwa mtu wa Lamu na visiwa vyake

Mwezi wa sita mwaka 2020 aliletwa kwetu ami mmoja wa Matondoni, shavu limefura hadi jicho la kushoto limefumba. Gego lilikuwa bovu tangu kabla ya Ramadhani. Alipoulizwa mbona amekaa nalo muda wote huo, alijibu kwa taabu, maana kinywa kilikuwa kinafunguka upana wa kidole kimoja tu: "Niliogopa korona." Usaha ukatolewa, sindano za dawa zikafuatana, akapona. Alama ya kisu iko chini ya kidevu chake mpaka leo, na akiwa barazani huionyesha mwenyewe akicheka. Siku ile hakucheka.

Wakati huo nilikuwa msaidizi wa chumba cha meno, yule anayeshika mpira wa kunyonya mate na kumpa daktari vifaa. Nilichokiona ni kwamba watu wengi walikuwa wakiogopa kisichostahili kuogopwa. Waliogopa koleo, waliogopa sindano, waliogopa kiti alichokalia mwenzao. Koleo hupikwa kwa mvuke, sindano hufunguliwa mpya, kiti hupanguswa kwa dawa. Cha kuhofia kilikuwa hewa ya chumba na lile benchi la kungojea, na hayo mawili mgonjwa anaweza kuyaulizia kwa simu kabla hajavaa viatu.

Nimeandika nikiifikiria korona kwa kuwa ndiyo tuliyoiona kwa macho yetu. Dharura yake ya dunia ilitangazwa kwisha na Shirika la Afya Duniani tarehe 5 Mei 2023, lakini maradhi mengine yanayosafiri kwa pumzi yatakuja, na mtu atakuwa na jino bovu siku hiyo vile vile.

Hatua ya 1: Amua kama jino lako ni la leo, la wiki hii, au la kungoja

La leo ni hili: uvimbe unaoshuka shingoni au kupanda jichoni, kinywa kisichofunguka, mate yanakushinda kumeza, sauti imebadilika kama mtu mwenye kiazi moto mdomoni, homa pamoja na uvimbe, damu isiyokatika baada ya kubana kitambaa safi nusu saa, taya lililovunjika. Hapo hakuna hesabu ya korona. Uvimbe chini ya ulimi na kidevu unaweza kuziba njia ya pumzi kwa saa chache, na usaha hauna habari na kafyu. Nenda hospitali yenye idara ya dharura, hata kama daktari wa meno hayupo. Ukiwa Faza au Kizingitini, usingoje mashua ya asubuhi kama pumzi inakatika. Tafuteni boti usiku huo huo.

La leo pia ni jino la ukubwani lililong'oka zima, kwa mfano mtoto wa miaka kumi ameanguka kwenye ngazi za gati. Lishike kwa upande wa juu ule mweupe, usiguse mzizi. Kama lina mchanga, lisuuze kidogo tu kwa maziwa, kisha lirudishe tunduni mwake na mtoto aume kitambaa. Ikishindikana, litie kwenye kikombe cha maziwa ukimbie nalo. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye matumaini makubwa. Usilikaushe kwenye karatasi, usilitie kwenye maji ya bomba. Jino la utotoni halirudishwi.

La wiki hii ni maumivu yanayokuamsha usiku, kijipu kwenye fizi kinachotoa usaha, jino lililovunjika na kuukata ulimi. Hapo hapo naweka kidonda cha mdomoni kilichopita wiki mbili bila kupona, au bakabaka jeupe au jekundu lisilofutika. Kwetu watu wanatafuna tambuu, wanaweka ugoro, wanakesha na mirungi. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kuwa mwanzo wa saratani, na wakati wa janga ndicho kinachosahaulika kwa sababu mara nyingi hakiumi.

La kungoja ni kusafisha ukoga kwa kawaida, kung'arisha meno kwa ajili ya harusi, kukaguliwa tu, na tundu dogo lisilouma. Mnamo Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mahali maradhi yanaposambaa sana mitaani, huduma za kinywa zisizo za lazima ziahirishwe mpaka maambukizi yapungue, na kila nchi ifuate maagizo yake. Ushauri ule ulieleweka vibaya na wengi, wakadhani daktari wa meno hapelekewi mtu kabisa. Matatizo ya dharura hayakuwemo.

Hatua ya 2: Tuliza maumivu bila kujiumiza

Kijiko cha chai nusu cha chumvi kwenye gilasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua, tema, rudia mara kadhaa kwa siku. Mtu mzima anaweza kunywa paracetamol mbili za miligramu 500 kila baada ya saa sita, zisipite nane kwa siku nzima. Ibuprofen hutuliza jino vizuri zaidi kwa sababu hupunguza uvimbe, lakini si ya mwenye vidonda vya tumbo, mgonjwa wa figo wala mjamzito, na usiinywe tumbo tupu. Machi 2020 ulizuka uvumi kwamba ibuprofen inazidisha korona. Shirika la Afya Duniani lilitazama jambo hilo na halikuikataza.

Karafuu? Ndiyo, ina kitu cha kutia ganzi. Tafuna punje moja karibu na jino, au pamba yenye tone la mafuta yake, dakika chache tu, kwani mafuta hayo yakikaa huunguza fizi. Usiweke aspirini kwenye fizi. Nimeona nyama ya shavu imegeuka nyeupe na kuchubuka kama ngozi iliyomwagikiwa maji moto, na mwenyewe anasema jino halijaacha kuuma. Uvimbe ukandwe kwa kitambaa baridi nje ya shavu; kukanda kwa joto huko nje acha.

Kisha kuna vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati. Viache huko. Maumivu ya jino lenye tundu hayaponi kwa antibiotiki. Hupoa siku mbili tatu, yakirudi yanarudi na ndugu zake. Wakati wa janga watu wengi walizinunua dukani kwa kuogopa kliniki, na ami wa Matondoni alikuwa mmoja wao.

Hatua ya 3: Piga simu, na uulize habari za hewa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mambo yanapoamuliwa.

Drili ya meno huzunguka hata mara 400,000 kwa dakika, na hupozwa kwa maji ili isilichome jino. Maji yale hugonga jino na mate, yakaruka. Mashine ya mtetemo ya kuondoa ukoga hufanya hivyo hivyo. Siku ya kwanza kuvaa ngao ya uso, baada ya kumsafisha mzee mmoja, niliivua nikaiinua kwenye taa. Ilijaa matone madogo kuliko punje ya chumvi, mengine yana rangi ya waridi kwa damu ya fizi. Nami nilikuwa nimesimama ubavuni mwa kiti, si mbele. Hayo yalikuwa yale mazito yaliyotua. Mepesi zaidi hayatui upesi, huelea.

Fikiria chetezo. Mtu akifukiza ubani chumbani kisha akatoka na chetezo chake, wewe ukiingia baada ya robo saa unajua kwamba hapa pamefukizwa. Chumba cha meno ni hivyo, ila hakina harufu ya kukuarifu. Na dawa ya moshi wa ubani sote tunaijua: fungua dirisha na mlango ulioelekea nalo. Wazee waliojenga nyumba za mawe za Lamu waliacha kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati, hakina paa, hewa ya moto ipande juu na ya bahari iingie. Sisi tunaikodisha nyumba hiyo hiyo, tunakigawa chumba kwa mbao, tunaziba dirisha, tunatundika kiyoyozi. Kiyoyozi cha ukutani huipoza hewa ya chumbani na kuirudisha ile ile. Baridi utaipata, hewa mpya hukuipata.

Kwa hiyo ukipiga simu sema hivi, kwa adabu: "Sabalkheri dada. Nina jino linanisumbua, nauliza mambo mawili matatu kabla sijaja." Kisha uliza:

Chumba cha matibabu kina dirisha linalofunguka kwenda nje? Jibu zuri ni "ndiyo, na tunalifungua". Jibu la "tuna AC" halijajibu swali.

Kuna viti vingapi vya wagonjwa ndani ya chumba kimoja? Viti viwili bila ukuta kati yake maana yake unavuta manyunyu ya jirani. Omba saa ambayo kiti cha pili ni kitupu.

Mnaacha muda gani kati ya mgonjwa na mgonjwa baada ya kutumia drili? Chumba ambacho hewa yake hubadilika mara 12 kwa saa huchukua dakika 23 kuondoa asilimia 99 ya vinavyoelea. Ikibadilika mara 6, dakika 46. Hizi ni hesabu wanazotumia watu wa kuzuia maambukizi hospitalini. Huna haja ya kumsomea dada wa simu tarakimu. Akikuambia "akitoka mmoja anaingia mwingine", umeshapata jibu.

Naweza kupata nafasi ya kwanza asubuhi? Hii peke yake inamaliza nusu ya maneno hapo juu. Hewa imelala usiku kucha, hakuna aliyetangulia, benchi ni tupu. Kama nafasi ya kwanza imechukuliwa na mzee mwenye sukari au mjamzito, mwachie.

Naweza kungojea nje nipigiwe simu? Lamu hii, kila mlango una baraza. Kungojea nje hakujawahi kuwa shida kwetu.

Kuna kliniki moja, siitaji, iliyonijibu nilipoipigia simu kwa niaba ya shangazi yangu: "Sisi tumepiga dawa, usiwe na wasiwasi." Tulipofika, sakafu iling'aa, harufu ya klorini inatoa machozi, na watu kumi na mmoja wamebanana kwenye ukumbi usio na dirisha hata moja. Tukarudi nyumbani. Kupiga dawa sakafu ni vizuri, lakini hakuna anayeilamba.

Hatua ya 4: Sema kweli yako

Katika simu hiyo hiyo taja kama una homa, kikohozi, umepoteza harufu, au nyumbani kuna mgonjwa. Ukificha ili usikose nafasi, unamweka hatarini yule anayeinama juu ya kinywa chako, na kesho hakuna wa kukutibu. Kama huna dharura, ahirisha mpaka muda wa kujitenga uishe. Muda huo hutofautiana kwa kila ugonjwa na hubadilishwa na serikali. Mwaka 2020 hapa Kenya tuliambiwa siku 14. Kama ni dharura utatibiwa tu, ila watakuweka mwisho wa siku na watavaa mavazi kamili.

Taja pia dawa unazotumia: za presha, za sukari, za kulainisha damu. Taja mimba. Mwenye sukari asije na njaa. Ale, anywe dawa yake, aje na kitu kitamu mfukoni.

Hatua ya 5: Hakikisha unakwenda kwa daktari kweli

Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi 2020 walizuka mafundi wa meno wa kupita nyumba kwa nyumba, na mkoba wao. Kwa anayeogopa kliniki ilionekana ni salama zaidi, mtu anakuja kwako. Huyo fundi ametoka nyumba sita kabla ya kwako, kwa koleo hilo hilo moja, na maji yake ya dettol kwenye chupa ya soda. Homa ya ini na virusi vya ukimwi hupita hapo, na hivyo havina msimu. Daktari wa meno wa Kenya husajiliwa na KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno wa nchi, na leseni yake huwa ukutani. Jina lake pia hutafutwa kwenye rejista ya baraza hilo mtandaoni.

Hatua ya 6: Safari

Mashuani upepo ni rafiki yako. Hatari ni mvua inaposhushwa turubai na watu thelathini wakajibana chini yake, au pale gatini Mokowe mnapogombania kupanda. Vaa barakoa kabla ya kushuka gatini, kaa upande upepo unakotoka, tazama bahari. Msimu wa kusi bahari huchafuka kwa watu wa Pate na Kiwayu, basi panga miadi ukiacha siku moja ya ziada, usije ukachelewa ukaingizwa katikati ya msongamano wa mchana.

Dada zangu wa ninja: kitambaa cha ninja ni stara, si barakoa. Pumzi inatoka chini yake kama inavyotoka chini ya pazia. Vaa barakoa inayobana pua na kidevu ndani, ninja juu yake. Rangi ya mdomo iache nyumbani, kwani daktari anatazama rangi ya midomo yako. Na kama una hina nyeusi iliyokolea kwenye kucha zote, mwambie anayekubana kidole kupima oksijeni, kwa maana rangi hiyo inaweza kuivuruga mashine. Atapima sikioni.

Msindikizaji awe mmoja. Najua mama akiumwa wanakwenda mabinti watatu na mkwe. Safari hii abaki mmoja, wengine wasubiri habari. Beba maji yako, kalamu yako, bahasha ya karatasi ya kutia barakoa, na lipa kwa M-Pesa.

Hatua ya 7: Mlangoni

Nawa mikono kwa sabuni sekunde 20. Kile kibunduki cha kupima joto kwenye paji la uso kisikutulize sana. Mtu anaweza kuambukiza siku mbili kabla hajasikia homa, na aliyetembea juani kutoka Langoni hadi kliniki atapimwa ana joto bila ugonjwa. Ukumbi ukiwa umejaa, toka nje bila kuona haya. Mwambie karani: "Niko barazani hapo, niite."

Hatua ya 8: Kitini

Barakoa ivue ukiwa umeshakaa na daktari yuko tayari. Itie kwenye bahasha, usiishushe kidevuni, maana kidevuni ndiko maji yatakakorukia.

Kisha tumia macho. Glavu zivaliwe mbele yako. Daktari akishika simu au kitasa cha mlango, azibadilishe. Vifaa vitoke kwenye pakiti iliyofungwa, yenye alama iliyobadilika rangi kuonyesha imepita kwenye mashine ya mvuke. Mashine hiyo hupika kwa nyuzi 121 kwa robo saa au zaidi, au nyuzi 134 kwa dakika chache. Kuchemsha kwenye sufuria hakutoshi. Sindano ifunguliwe mpya na kichupa cha dawa ya ganzi kiwe kipya. Kilichobaki kwa mgonjwa aliyetangulia hakitumiki tena.

Kuuliza si utovu wa adabu. Sema: "Daktari, samahani, naomba kuona pakiti ikifunguliwa." Katika miaka yangu sijamwona daktari mzuri aliyekasirika kwa hilo. Wanaokasirika hukupa sababu ya kuvaa viatu vyako.

Kabla hajaanza utapewa dawa ya kusukutua. Ushauri wa mwaka 2020 ulitaja haidrojeni peroksidi ya asilimia 1 au povidoni ayodini ya asilimia 0.2, sekunde 20. Hupunguza virusi vilivyomo kwenye mate kwa muda mfupi. Kama una mzio wa ayodini au ugonjwa wa tezi ya shingo, sema. Ukimaliza, tema taratibu ndani ya kikombe. Usiteme kwa nguvu kama uliyeng'atwa na siafu.

Yapo mambo ambayo daktari anaweza kuyachagua ili manyunyu yawe machache, nawe unaweza kuyaomba. Tundu nyingi zinaweza kuchimbwa kwa vijiko vidogo vya mkono na kuzibwa bila drili kabisa. Kwa watoto hii inafaa hasa, haina kelele. Ukoga huondolewa kwa vyuma vya mkono, inachukua muda zaidi. Jino likizibwa kwa drili, linaweza kuvalishwa karatasi ya mpira inayoacha jino moja tu nje, mate yakabaki ndani. Mpira mnene wa kunyonya, ule unaoshikwa na msaidizi, uwe karibu kabisa na jino. Nilipokuwa nikiuzubaisha hata kidole kimoja mbali, daktari aliniona kwanza mimi kabla hajauona ukungu. Kung'oa kwa kawaida, koleo na ganzi tu, hakurushi mengi.

Ukitaka kukohoa inua mkono, na daktari ataondoa vyuma. Panga ishara hiyo mwanzoni, kwa kuwa ukishajazwa pamba mdomoni hutaweza kueleza.

Ikiwa ni Ramadhani

Swali hili niliulizwa zaidi ya lingine lolote. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, yenye makao Jeddah, ilipokutana mwaka 1997 ilitaja kuchimba jino, kung'oa na kusafisha meno katika mambo yasiyofunguza, mradi mtu asimeze kinachofika kooni. Mwenye wasiwasi amwulize sheikh wake, au aweke miadi ya usiku. Ila usiku nao una yake: Ramadhani ya 2020 kafyu ilikuwa saa moja usiku na Magharibi ikiingia kama saa kumi na mbili na robo. Hapo kati hupati hata saa nzima, na bado hujanywa uji. Wengi waliacha, na gego la ami likaendelea. Janga likikutana tena na mfungo, chukua nafasi ya asubuhi na mapema, ukiwa umekula daku vizuri na kunywa dawa ya maumivu kabla ya adhana.

Hatua ya 9: Baada ya kurudi

Barakoa mpya uivae ukiwa bado kitini. Iliyolowa damu au mate haizuii kitu.

Kama umeng'oa, uma kipande cha pamba nusu saa bila kukitazama tazama. Saa 24 za kwanza usisukutue, usinyonye kwa mrija (dafu linywe kwa kikombe), usivute sigara, usitafune mirungi upande huo. Lile donge la damu tunduni ndilo kifuniko cha kidonda; likinyonywa likatoka, mfupa unabaki wazi. Uji uwe wa uvuguvugu. Siku ya pili anza maji ya chumvi, pole pole. Mswaki wa mti au wa dukani, pita kwa meno mengine kama kawaida.

Pamba zenye damu zifunge kwenye mfuko kabla ya kuzitupa. Paka wa mjini petu wanajulikana, na asubuhi utaikuta pamba yako mlangoni kwa jirani.

Ganzi hukaa saa mbili tatu. Mtoto asiachwe peke yake wakati huo, atajitafuna mdomo mpaka uvimbe akidhani ni mchezo.

Ukianza homa au kikohozi ndani ya siku 14, au ukapimwa ukakutwa na maradhi, ipigie kliniki simu uwaambie siku uliyokwenda na saa. Hakuna atakayekulaumu, na wapo waliokaa chumba kimoja nawe wanaohitaji kujua. Na kama siku ya pili mpaka ya nne maumivu ya tundu yanazidi badala ya kupungua, yanapanda sikioni, na kinywa kinanuka, donge limetoka. Piga namba ile ile, omba tena nafasi ya kwanza ya asubuhi, na ukifika kaa barazani.